Dodoma–Dar kwa SGR: uchague treni ipi, na ukate vipi tiketi kwa simu

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, swali linalotufikia sana kwenye kipindi si la kasi, ni la namna ya kupanda. Msikilizaji wa Kibakwe ana rufaa ya Muhimbili, Jumatatu saa mbili asubuhi. Wa Igandu anataka kwenda kumtazama binti yake aliyejifungua Gongo la Mboto. Wa Kongwa ameambiwa na kijana wa kijiweni kwamba tiketi zimeisha, ila yeye anaweza "kumfanyia mpango" kwa elfu kumi zaidi. Wote wana simu mkononi, na simu hiyo hiyo inaweza kuwakatia tiketi halali au kuwapotezea nauli. Redioni mambo haya hupita haraka. Tumeyaandika hapa ili uyasome kwa nafasi yako kabla hujalipa.

Treni zenyewe

SGR ni reli ya kiwango cha kimataifa. Upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1,435, wakati reli yetu ya zamani, ile iliyojengwa enzi za Wajerumani, ni milimita 1,000. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilianza kubeba abiria wa Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, likafika Dodoma tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua huduma rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo huo. Zinatumia umeme, na kasi yake ya juu ni kilomita 160 kwa saa.

Kwa viwango vya dunia hiyo bado si kasi kubwa sana, kwani Morocco kuna treni inayofika kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Casablanca. Lakini kwa mtu aliyezoea kukaa kwenye basi kutwa nzima, tofauti anaiona mwenyewe. Watu wengi huiita treni ya mwendokasi. Ukifika Dar es Salaam, hata hivyo, mwendokasi ni yale mabasi ya njia maalumu. Ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke mwendokasi, usishangae akikushusha kwenye kituo cha basi. Sema SGR.

Kwenye ukurasa wa tiketi utakutana na aina mbili za safari. Ipo treni ya kawaida, ambayo husimama stesheni za njiani, na ipo iliyoandikwa Express, ambayo hukimbia moja kwa moja au husimama mahali pachache sana. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, ya kawaida huchukua kama saa nne na Express kama saa tatu na nusu. Pia utasikia jina Mchongoko. Hiyo ni treni yenye pua ndefu iliyochongoka, yenye mabehewa manane na nafasi za abiria 589, iliyoanza kazi Novemba 2024. Mchongoko ni umbo la treni tu, halikuambii kama itasimama kwenu. Linalokuambia hivyo ni orodha ya stesheni za safari husika, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kwanza stesheni, kisha treni

Ukitazama ramani utaona kitu ambacho abiria wa basi hana sababu ya kukijua. Barabara kuu na reli hutengana Morogoro na kuja kukutana tena Dodoma. Barabara hupita Dumila, Gairo na Kibaigwa. Reli huenda upande wa kusini, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu, ndipo iingie Dodoma. Kwa hiyo mtu wa Gairo au Kibaigwa, ambaye basi humpitia mlangoni, hana stesheni ya SGR jirani. Mtu wa Mpwapwa, ambaye kwa miaka mingi amelazimika kwenda kutafuta basi la Dar kwa mbali, sasa ana stesheni ya Gulwe.

Kwa mtu wa Kibaigwa ushauri wetu ni wa wazi, ingawa hautawafurahisha wapenzi wa treni. Kama huna haraka kubwa, panda basi. Ukirudi nyuma hadi Dodoma, ukavuka mji hadi stesheni, ukakaa kusubiri, halafu ukapanda treni inayoelekea kule kule ulikotoka, muda uliouokoa kwenye reli utakuwa umeuacha barabarani. Anayefaidika zaidi na SGR ni mtu wa Dodoma mjini, Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kilosa.

Mtu wa Mpwapwa naye ana uamuzi wake. Tumesikia watu wakisema, "Mimi nataka ile ya haraka," wakatoka Mpwapwa alfajiri kwenda Dodoma kufuata Express. Tuitazame hesabu. Treni ya kawaida kutoka Gulwe hadi Dar es Salaam ilipangiwa nauli ya shilingi 25,000. Express kutoka Dodoma ilikuwa shilingi 40,000. Hiyo ni tofauti ya 15,000 kabla hujaweka nauli ya kwenda Dodoma na bajaji ya kukufikisha stesheni. Unalipa zaidi, unaamka mapema zaidi, na unapata nusu saa ambayo umeshaitumia kwa kurudi nyuma. Kwa mtu wa Gulwe, treni ya kawaida ndiyo ya haraka.

Ila uhakikishe kwanza. Si kila treni ya kawaida lazima isimame kila stesheni, na ratiba hubadilika. Ukiwa kwenye ukurasa wa tiketi, usichague "Dodoma" kwa mazoea ukitarajia kushuka Gulwe. Chagua jina la stesheni yako hasa. Safari itakayotokea ndiyo inayosimama kwenu. Isipotokea yoyote, jaribu tarehe nyingine au saa nyingine kabla hujakata tamaa.

Liko na jina moja linalochanganya watu, Makutupora. Wakazi wa Jiji la Dodoma wanaijua Makutupora yao, ile ya kambi ya JKT. Makutupora inayotajwa kwenye habari za SGR ni ya Manyoni, mkoani Singida, mwisho wa kipande cha reli kilichotoka Morogoro. Nauli za Bahi na Makutupora hiyo zilitangazwa pamoja na nyingine, lakini treni za abiria zilipoanza ziliishia Dodoma. Ndugu zetu wa Manyoni wasikate tiketi kwa kusikia jina tu.

Nauli, na basi upande wa pili

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka kiwango cha shilingi 69.51 kwa kilomita kwa mtu mzima katika daraja la kawaida la treni ya kawaida. Kutoka Dar es Salaam hesabu hiyo ilitoa shilingi 13,000 hadi Morogoro, 18,000 hadi Kilosa, 22,000 hadi Kidete, 25,000 hadi Gulwe, 27,000 hadi Igandu na 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili hulipa nusu. Aliye chini ya miaka minne halipi. Hivi ni viwango vya mwaka 2024 huduma ilipoanza, na bei ya kulipa ni ile utakayoiona kwenye skrini siku unapokata. Tumeziandika ili mtu akikutajia 50,000 ya Gulwe, ushtuke.

Je, basi ni rahisi zaidi? Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, basi la mikoani la daraja la kawaida lilitoza shilingi 48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati shilingi 67.84. Ukizidisha kwa njia ya Dodoma, la kawaida linakuja kama elfu ishirini na mbili, na la kati linakaribia kabisa nauli ya treni. Kwa hiyo aliyezoea basi la daraja la kati hapotezi kitu akihamia treni ya kawaida. Aliyezoea basi la bei ya chini ataongeza kama elfu tisa.

Hiyo elfu tisa ina sehemu inakorudi, na wengi huisahau. Basi la mikoani hukushusha kituo cha Magufuli kule Mbezi, nje ya katikati ya jiji, na kutoka hapo unaanza safari nyingine. Treni hukuingiza katikati ya Dar es Salaam, kwenye jengo lile lililochorwa kwa umbo la jiwe la tanzanaiti, jirani na Gerezani na Kariakoo. Kama unaenda Muhimbili, kutoka hapo ni mwendo mfupi. Kama unaenda Mbezi au Kimara kwa ndugu, basi hapo linakuwa na hoja nzuri. Anayeshukia Gongo la Mboto aangalie kama treni yake inasimama Pugu, maana Pugu ni karibu naye kuliko mjini.

Kuhusu madaraja ya juu tutasema kidogo. Lipo daraja la biashara, na kwenye Mchongoko lipo la kifalme, ambalo nauli yake ya Dodoma–Dar inapita laki moja. Treni ni ile ile na inafika saa ile ile. Mgonjwa wa mgongo au aliyetoka kufanyiwa upasuaji anaweza kuona faida ya kiti kipana. Mwingine yeyote, hela hiyo inamtosha kwenda na kurudi, na chenji ikabaki.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi

Hapa tunakuomba usome polepole, kwa sababu hili limewaacha watu stesheni wakiwa na tiketi halali mkononi.

Ukurasa wa tiketi hauhesabu saa kama sisi tunavyozihesabu. Unaandika saa za mfumo wa ishirini na nne, zinazoanza usiku wa manane. Ukiona 06:00, usisome saa sita mchana. Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Ukiona 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana.

Njia ya kukumbuka ni hii. Kuanzia 07 hadi 18, toa sita. 07:15 inakuwa saa moja na robo asubuhi, na 18:00 inakuwa saa kumi na mbili jioni. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane. 19:15 ni saa moja na robo usiku, 21:00 ni saa tatu usiku. Kuanzia 00 hadi 06, jumlisha sita. 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, na 00:20 ni saa sita na dakika ishirini usiku.

Hiyo ya mwisho ina mtego wa tarehe. Kwenye kompyuta, ikifika saa sita usiku tarehe imeshabadilika. Ukiona treni inafika 00:20 ya tarehe 9, maana yake ni usiku ule ule ulioanza tarehe 8 jioni, yaani usiku wa kuamkia tarehe 9. Anayekuja kukupokea mwambie hivyo hivyo, "usiku wa kuamkia tarehe tisa". Ukimwambia "tarehe tisa usiku" atakuja saa ishirini na nne baadaye.

Ukimaliza kutafsiri saa, iandike kwa lugha yako nyuma ya karatasi ya rufaa au kwenye ukuta wa jikoni, popote macho yatakapopita. Halafu mpigie mtu mmoja aliye na simu kubwa, umsomee tarakimu zilizoandikwa, naye akuambie ni saa ngapi. Mkitofautiana, msilipe kwanza.

Kukata tiketi kwa simu

Ukurasa wa TRC wa tiketi za SGR ni sgrticket.trc.co.tz. Uandike wenyewe kwenye kivinjari cha simu, herufi kwa herufi. Usitafute neno SGR peke yake, kwa sababu Kenya nao wana SGR yao ya Nairobi na Mombasa, na simu inaweza kukuletea ya kwao. Kama bei unazoziona zimeandikwa KES, umeingia reli ya jirani.

Ukishaingia, chagua stesheni ya kuondokea, ya kushukia, tarehe na idadi ya abiria. Zitatokea safari zilizopo, saa zake, madaraja na bei. Ukichagua safari utaonyeshwa mabehewa na viti, unachagua kiti kilicho wazi. Kisha utajaza jina la abiria, aina ya kitambulisho, namba yake na namba ya simu.

Hapo kwenye jina usifanye haraka. Andika kama lilivyo kwenye kitambulisho ambacho abiria atakibeba siku ya safari, kiwe cha NIDA, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Kama NIDA inasema Mwajuma na mtaani unaitwa Mama Rehema, andika Mwajuma. Tiketi ni ya mtu mwenye jina hilo. Kwa mtoto wa nusu nauli, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwani mtoto wa miaka kumi na miwili aliyerefuka huweza kuzua mjadala getini.

Ukimaliza kujaza unapewa namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroli namba. Ina muda wa mwisho, na muda ukipita kiti kinarudi kwa wengine. Kwa hiyo hakikisha hela iko kwenye simu kabla hujaanza kuchagua kiti. Kwenda kwa wakala kuweka hela huku kontroli namba inahesabu dakika ni kujitafutia presha bure.

Wasikilizaji wengi wenye kitochi wanadhani huduma hii haiwahusu, na hili ndilo tunalopenda lifike mbali zaidi. Kuchagua kiti kunataka simu yenye intaneti, lakini kulipa hakutaki. Mwanao aliye Dar, au mwalimu wa shule ya jirani, anaweza kukuchagulia treni na kiti kwa jina lako na namba ya kitambulisho chako, halafu akakusomea kontroli namba kwa simu. Wewe unalipa mwenyewe kwa kitochi chako. Kwa M-Pesa unaanza na *150*00#, kwa Mixx by Yas *150*01#, kwa Airtel Money *150*60#, na kwa HaloPesa *150*88#. Ukiingia, tafuta sehemu ya malipo ya Serikali, weka kontroli namba, weka kiasi kama kitaulizwa, soma kilichoandikwa, ndipo uweke namba ya siri. Kwa njia hii hela yako haipiti kwa mtu. Inatoka kwako inaingia Serikalini, na ujumbe wa uthibitisho unakuja kwenye simu yako.

Malipo yakikubaliwa, tiketi hutoka ikiwa na jina lako, behewa, kiti, saa na ile alama ya mraba yenye vidoadoa vyeusi ambayo mashine ya getini huisoma. Mwenye simu kubwa aihifadhi kwenye simu na apige picha ya skrini, maana bando huisha pasipostahili. Mwenye kitochi amwombe aliyemsaidia aitume kwa mtu wa karibu, kisha iende ikachapwe kwenye duka la kutoa kopi. Karatasi isikunjwe katikati ya ile alama.

Na kama huna mtu wa kukusaidia, dirisha la tiketi stesheni lipo pale pale. Nenda siku kadhaa kabla ukiweza, usingoje siku ya safari.

Vishoka

Penye foleni hakukosekani kishoka. Mbinu zao si ngeni kwa aliyewahi kukata tiketi ya basi wakati wa Krismasi. Atakuambia mtandao umejaa, kwamba ana mtu ndani, kwamba utume hela kwenye namba fulani na tiketi itakuja baadaye.

Kipimo ni kimoja. Nauli ya SGR unayolipa kwa simu inaingia kwa kontroli namba, kupitia sehemu ya malipo ya Serikali. Mtu akikuambia uingie kwenye kutuma pesa, uweke namba ya simu ya mtu na jina la mtu litokee, hiyo si tiketi, haijalishi amevaa nini wala anasimama wapi. Hata kama jina ni la mtu unayemfahamu, basi unamkopesha, hununui tiketi.

Mbinu nyingine ni ya tiketi halali yenye jina la mtu mwingine. Kishoka anakata viti mapema kwa majina yoyote, halafu anaviuza siku za msongamano. Utaona alama ya mraba, utaona namba ya kiti, kila kitu kipo ila jina si lako. Getini wanaangalia kitambulisho. Hapo ndipo utajua umenunua safari ya mtu.

Msongamano wenyewe unatabirika. Ijumaa mchana na jioni kutoka Dodoma kwenda Dar, na Jumapili jioni kutoka Dar kuja Dodoma, watumishi na wanafunzi wanajaza viti, hasa Bunge likiwa linakaa. Ongeza sikukuu za Idd na Krismasi, na wiki ya Nanenane watu wanapokuja Nzuguni. Mgonjwa mwenye kliniki Jumatatu ana bahati kidogo hapa, kwa sababu Jumapili kutoka Dodoma kwenda Dar ni kinyume cha umati. Shida yake itakuwa kurudi, kwa hiyo asijiwekee tiketi ya kurudi Jumapili jioni kama anaweza kurudi Jumanne.

Siku ya safari

Basi unaweza kulisimamisha kwa mkono. Treni haisimami kwa mkono, na geti likifungwa limefungwa. TRC huwataka abiria wafike stesheni saa mbili kabla ya treni kuondoka, yaani muda wa saa mbili, si saa mbili asubuhi. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, ukaguzi wa kitambulisho, kisha tiketi.

Kwa Dodoma, stesheni ya SGR iko Mkonze. Kituo kikuu cha mabasi kiko Nzuguni, upande mwingine wa mji. Anayetoka wilayani kwa basi asihesabu kwamba akifika Dodoma amefika stesheni. Bado ana mji mzima wa kuvuka, na asubuhi kuna foleni. Morogoro nako stesheni iko Kihonda, si Msamvu.

Mizigo soma masharti yake kwenye ukurasa wa tiketi kabla ya kufunga. Hakuna keria ya kupandishia lumbesa. Gunia la mkaa, godoro na jogoo wa zawadi ni vitu vya kuuliza dirishani mapema, si vya kubishania getini watu wakiwa nyuma yako.

Treni hizi huchelewa mara chache, lakini huchelewa. Katika siku za mwanzo, mwaka 2024, hitilafu ya umeme ilisimamisha treni njiani, na TRC ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa ngedere na bundi waliogusa nyaya. Watu walicheka sana mitandaoni, lakini aliyekuwa na miadi hakucheka. Ndiyo maana mwenye rufaa ya Jumatatu saa mbili asubuhi tunamshauri asipande treni ya Jumapili usiku, hata kama kiti kipo. Apande ya Jumapili asubuhi, au Jumamosi kama ana pa kulala. Treni ikichelewa saa tatu atafika mchana badala ya asubuhi, na kliniki yake bado iko palepale.

Wakati wa kukata ya kurudi, tazama saa ya kufika kwenu na si saa ya kuondoka Dar. Treni inayofika Gulwe saa nne usiku inakuacha stesheni na mizigo, pamoja na bodaboda wachache wanaojua kwamba huna njia nyingine. Ukikuta ya mchana ina nafasi, chukua hiyo. Kama ni ya usiku tu, mpigie bodaboda unayemfahamu kabla hujaondoka Dar, mkubaliane bei na umwambie saa ya kufika kwa Kiswahili, pamoja na tarehe.